Mvi za ujanani: upake hina, upake rangi ya boksi, au uziache?

Konda wa daladala akikuamkia "Shikamoo mzee" ilhali hujatimiza hata miaka thelathini, una mambo mawili ya kuamua. La kwanza ni jepesi: uitikie au ucheke. Itikia tu "marahaba", maana kumwambia mtu mbele ya abiria kwamba mmelingana umri ni kumwaibisha bure. La pili ndilo zito: hizo mvi utazifanyaje?

Njia zinazotumika kwetu zinajulikana. Kuna hina, peke yake au pamoja na nili. Kuna rangi za dukani, za boksi na za unga. Kuna piko, ambayo wengi huiita hina na wala si hina. Kuna kuzificha kwa kilemba, mtandio, wigi au msuko. Na kuna kuziacha zilivyo. Watu huzilinganisha kwa siku ya kwanza: ipi imekolea, ipi inang'aa, ipi imetoka vizuri kwenye picha. Siku ya kwanza zote zinapendeza. Mimi nazipima kwa siku ya thelathini. Nywele zetu hukua pungufu kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na chochote ulichopaka hakiufikii unywele ambao haujatoka bado. Anayechagua rangi leo anachagua pia atakavyoonekana mwezi ujao weupe ukianza kuchipua chini, na mara ngapi kwa mwaka yuko tayari kurudia kazi ile ile.

Kwanza jua zimetoka wapi

Madaktari wa ngozi huzihesabu mvi kuwa za mapema zikimtokea Mwafrika kabla ya miaka 30. Kwa Waasia mpaka ni 25, kwa Wazungu 20. Rangi hutengenezwa ndani ya kinyweleo na seli za melanini, kisha huingizwa kwenye unywele unapokua. Seli hizo zikiisha, unywele unaofuata hutoka mweupe. Uliokwisha kutoka mweusi haugeuki, ndiyo maana zile habari za mtu kulala na nywele nyeusi akaamka na mvi kichwa kizima zina maelezo mengine: kuna ugonjwa wa kunyonyoka nywele ghafla, nao huangusha zaidi zile nyeusi na kuziacha nyeupe zilizokuwa zimejificha katikati.

Mara nyingi chanzo ni ukoo. Ukimwona mjomba au shangazi aliyeanza kuota mvi akiwa sekondari, umepata jibu bila kulipia vipimo. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kilatini waliitambua jeni iitwayo IRF4 kuwa na mchango katika jambo hili, na si peke yake. Msongo wa mawazo nao una sehemu yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwa panya kwamba mishipa ya fahamu inayoamshwa na hofu humaliza akiba ya seli za rangi kwenye kinyweleo. Mwaka uliofuata wenzao wa Columbia walizichunguza nywele za watu 14 wakakuta baadhi ya nyuzi nyeupe zimerudi rangi zenyewe. Mmoja wao nyuzi tano zilirudi alipokuwa likizoni. Nyuzi tano, si kichwa. Akija mtu kukuuzia mafuta kwa kutumia utafiti huo, funga pochi yako.

Yapo mambo ya kupimwa kabla hujanunua rangi yoyote. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuleta mvi, na humpata kirahisi asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, mwenye tumbo lisilofyonza vitamini hiyo, na anayetumia metformini kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari. Ukiona mvi zimeandamana na uchovu usioisha na ganzi ya miguu au vidole, nenda ukapimwe damu. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi nayo imo kwenye orodha, na vitiligo pia, hasa mvi zikitoka fungu moja mahali pamoja na ngozi ya hapo ikapoteza rangi. Mvi zilizoletwa na upungufu zimewahi kurudi rangi kwa baadhi ya watu baada ya matibabu. Za ukoo hazirudi, na hakuna kidonge, maji ya kitunguu, habasoda wala mafuta ya karafuu yaliyothibitishwa kuzirudisha. Mvutaji wa sigara naye ana la kufikiria: utafiti wa Yordani uliochapishwa 2013 ulikuta wavutaji wana uwezekano wa mara mbili na nusu wa kuota mvi mapema.

Hina au boksi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake hushikana na protini ya unywele, haitoki kwa shampuu, na ni ya aina moja tu: ya machungwa inayoelekea nyekundu. Paketi iliyoandikwa hina nyeusi, hina ya kahawia au hina ya zambarau imetiwa kitu kingine, na kazi yako ni kujua kitu gani. Rangi ya boksi hufanya kazi tofauti kabisa. Kuna dawa mbili zinazochanganywa, au unga kama wa Bigen unaokorogwa na maji, kisha mchanganyiko huo huingia ndani ya unywele na rangi ikajijenga humo humo. Nusu saa hivi, kichwa cheusi tii.

Kwa matokeo ya haraka, boksi limeshinda. Hina unaikoroga kwa maji ya uvuguvugu, chai ya rangi au ndimu, unaiacha saa kadhaa itoe rangi, unaipaka, unajifunga mfuko wa plastiki, unakaa nayo saa mbili hadi nne, na ukiiosha bafu zima linageuka matope ya kijani. Rangi yenyewe haijatulia siku hiyo. Ikitoka inawaka machungwa, halafu kwa siku mbili tatu inakoza. Mwenye kikao Jumatatu apake Ijumaa.

Lakini tazama mwezi ukipita. Aliyepaka boksi jeusi ana nyeusi ya mkaa juu na sentimita moja nyeupe chini, na mpaka kati yake umekatika kama chaki ubaoni. Mtu wa meza ya pili anauona. Aliyepaka hina akiwa na mvi chache zilizotawanyika ana nyuzi za shaba kati ya weusi wake wa asili, na nyeupe inayochipua inachanganyikana nazo bila mstari mkali. Anaweza kukaa mwezi wa pili bila mtu kusema neno. Huu ndio ubora mkubwa wa hina, na sijui kwa nini wauzaji wake hawausemi. Wao wanahubiri kung'aa na kurefusha nywele tu.

Ubora huo unapungua kadiri mvi zinavyozidi. Hina juu ya unywele mweusi haionekani isipokuwa juani. Juu ya mvi inaonekana yote. Mwenye nusu ya kichwa nyeupe atapata kichwa chekundu, na inabidi akipende. Ndevu nyekundu za wazee wa pwani na wa Kisomali tunazijua na zina heshima yake, lakini kijana wa miaka 26 anayefanya kazi benki anaweza kuona amevaa vazi la babu yake.

Anayetaka weusi bila dawa za boksi ana njia ya tatu: hina kwanza, kisha nili juu yake. Nili ni unga wa majani pia, na peke yake juu ya mvi hutoa buluu isiyopendeza, ndiyo maana hutanguliwa na hina. Hina ikioshwa, nili inakorogwa na maji matupu na kupakwa mara moja, kwa sababu haivumilii kusubiri. Ukifuata utaratibu unapata weusi mzuri, laini kuliko ule wa boksi. Ukiharakisha unapata kahawia yenye viraka. Na nili hupauka mapema kuliko hina, kwa hiyo wiki zikipita weusi unapoa na wekundu unachungulia. Ni kazi ya nusu siku nzima. Mwenye watoto wadogo nyumbani ajiulize mara mbili.

Kwa afya ya nywele zenyewe, hina safi haina perokisaidi, ile dawa kali iliyomo kwenye rangi za boksi, kwa hiyo haivunji unywele, ingawa inaukausha na kwa wengine inalegeza mkunjo wa nywele za asili. Paka mafuta baadaye. Boksi lina ugomvi na relaksa, yaani dawa ya kunyoosha nywele. Nywele zilizotiwa dawa zimekwisha kudhoofishwa mara moja. Ukizipaka rangi siku hiyo hiyo unazidhoofisha mara ya pili na zitakatikia kwenye kitana. Tia dawa kwanza, subiri wiki mbili au zaidi, ndipo upake rangi. Msusi mzuri atakukatalia ukitaka vyote kwa mkupuo. Asiyekukatalia, muogope.

Kuna tahadhari mbili za hina ambazo hazisemwi sana. Moja: baadhi ya unga unaouzwa kama hina hutiwa chumvi za madini ili rangi ikoze, na rangi ya boksi ikikutana na chumvi hizo baadaye hutoa joto na kuharibu nywele. Kabla ya kuhama kutoka hina kwenda boksi, chukua nywele zilizobaki kwenye kitana, zipake, uone zinafanya nini. Ya pili: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika maeneo yetu yenye malaria, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa sababu ya hina. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga, kwa hiyo ile desturi ya kumpaka mtoto mchanga hina iachwe.

Boksi lina hatari yake moja kubwa, nayo ina jina.

PPD, na kwa nini piko haimo kwenye ulinganisho

Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo para-fenilenidiamini. Kwenye boksi huandikwa p-phenylenediamine kwa maandishi madogo, na watu huifupisha PPD. Ndiyo inayofanya weusi uwe weusi. Pia ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mkali sana wa ngozi: kuwashwa, malengelenge, uso kuvimba hadi macho yakafunga, na mara chache koo kubana. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kuipaka ngozini haikubaliwi kabisa.

Piko ni hiyo rangi ya nywele inayopakwa ngozini. Maua meusi ya bibi harusi yanayokauka kwa dakika chache na kubaki meusi kama wino hayatoki kwenye mhina. Kwa kuwa hakuna anayepima, kiasi cha PPD mle kinaweza kuzidi sana kile cha boksi. Ubaya wake kwa msomaji wa makala hii ni wa kuchelewa: mwili ukishaizoea kwa ubaya hausahau. Msichana aliyepakwa piko harusini akawashwa kidogo mkononi, akajipaka mafuta ya nazi yakaisha, anaweza kufikisha miaka 28, akaota mvi, akanunua boksi lake la kwanza, na kesho yake akaamka hatambuliki. Ukiwahi kuwashwa na piko, hata kidogo, hata utotoni, rangi nyeusi ya kudumu haikuhusu tena. Baki kwenye hina safi au uziache.

Wengine wote wajaribishe kwanza. Koroga kidogo, paka nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, acha saa 48. Fanya hivyo kila mara, hata kwa boksi ulilolizoea, kwa sababu mzio huweza kuja mara ya kumi. Na maneno "haina amonia" yasikupumbaze. Amonia ni kitu kingine, na rangi isiyo na amonia inaweza kuwa na PPD tele. Nyusi na kope usiziguse kwa rangi hii. Jicho halina mbadala.

Ndevu nazo zina yake. Ngozi ya uso ni nyepesi kuliko ya kichwa, na kinyozi akimaliza kunyoa huuliza haraka haraka kama akupake nyeusi, kwa brashi ile ile aliyompaka mwenzako. Ukikubali, ukubali ukijua umepaka PPD usoni, na kwamba ndevu zitaonyesha weupe kabla ya wiki mbili.

Habari za saratani

Utaulizwa, kwa hiyo zijue tafiti mbili. Desemba 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 46,709 ambao dada zao waliwahi kuugua saratani ya matiti. Wanawake weusi waliotumia rangi za kudumu walionekana na hatari kubwa zaidi ya asilimia 45 ya saratani hiyo kuliko wasiotumia; kwa wanawake weupe ongezeko lilikuwa asilimia 7. Rangi zisizo za kudumu hazikuonyesha ongezeko la maana. Mwaka 2020 ukaja mwingine wa wauguzi 117,200 wa Marekani, wengi wao weupe, waliofuatiliwa kwa miaka 36, na saratani nyingi hazikuongezeka kwa watumiaji, isipokuwa chache zilizopanda, zikiwemo aina fulani za matiti na ya ovari.

Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba rangi ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo hesabu ya kijana ni tofauti na ya mzee. Anayeanza kupaka boksi akiwa na miaka 55 atapaka kwa miaka kumi au ishirini. Anayeanza na 24, na akarudia kila wiki sita, anaingia kwenye miongo minne ya kemikali ile ile. Kwa sababu hiyo peke yake naona boksi linawafaa zaidi walioota mvi kwa wakati wake kuliko hawa wetu wa mapema, ingawa ndio wanaolikimbilia.

Kama unataka weusi wa siku moja, kwa ajili ya picha za harusi au usaili wa kazi, zipo rangi za kupaka juu tu zinazotoka ukiosha. Hazizibi mvi nyingi, na mvua ikikukuta Kariakoo utaiona kwenye kola ya shati. Lakini hazikufungi mkataba.

Kuziacha

Njia hii haina gharama wala mzio, na siku yake ya thelathini ni sawa na ya kwanza. Gharama yake ni ya watu. Shikamoo za wakubwa zako, maswali ya mashangazi kila msiba na kila harusi, na yule jamaa wa ofisini anayekuita babu. Kwa mwanamke maneno ni makali zaidi. Kijana wa kiume mwenye mvi huambiwa ana busara, dada yake mwenye mvi zile zile huambiwa amechoka. Sitasema usijali, kwa sababu anayesemwa ni wewe.

Ila kuna faida isiyosemwa. Mwalimu mpya, wakili aliyetoka chuo, daktari wa mwaka wa kwanza wa kazi, wote hawa husumbuliwa na sura changa. Mvi huwapa nafasi ya kusikilizwa. Na ajabu ya zama hizi ni kwamba madukani kuna rasta za kijivu za kusukia, na wenye nywele nyeusi wanazinunua kwa hiari yao.

Kwa mwanamume mwenye nywele fupi hukumu yangu ni nyepesi: usipake chochote. Nywele za sentimita moja zinakuwa mpya zote kwa muda wa mwezi na kidogo, kwa hiyo kila unachopaka kinaishia kwenye sakafu ya kinyozi. Zinyoe fupi zaidi pembeni, pale mvi zinapoanzia kwa wengi, na nusu ya tatizo imeondoka kwa mashine. Anayetaka kunyoa upara kabisa anayo ruhusa, mradi awe tayari kurudia kila siku chache, maana vishina vyeupe vya nywele huonekana upesi kwenye ngozi nyeusi.

Kwa Waislamu kuna jambo la ziada la kupima. Siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, baba yake Abubakar aliletwa na kichwa cheupe pe, na Mtume akaamrisha weupe ule ubadilishwe na weusi uepukwe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba kupaka nyeusi ni haramu. Wanazuoni wengine wameona ni makruhu. Hina imesifiwa, pamoja na mmea wa katamu unaoitia weusi kidogo, na kwa kuwa haiweki utando juu ya unywele haizuii udhu. Kung'oa mvi kumekatazwa katika hadithi. Mwenye shaka amwone sheikh wake.

Kung'oa hata nje ya dini hakufai. Si kweli kwamba ukiung'oa mmoja hutoka saba. Kinyweleo kimoja hakiwezi kuzaa kwa jirani zake. Kinachotokea ni kwamba unywele unarudi mweupe vile vile, na ukizidi kuvuta mahali hapo hapo kinyweleo kinaweza kupata vipele au kikaacha kuotesha kabisa. Afadhali mvi kuliko pengo. Ukishindwa kuvumilia, ukate kwa mkasi karibu na ngozi.

Kuzificha ni njia nzuri kwa anayevaa mtandio au hijabu tayari, na kwake mjadala huu ni wa ndani ya nyumba tu. Msuko hufunika katikati lakini hauwezi mstari wa mbele, ambako nywele fupi za paji hubaki wazi, na kusukwa kwa kukaza ili kuziba mvi ndiko kunakoanzisha upara wa pembeni. Wigi linafunika vyote, ila kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa utalilipia kwa jasho.

Ukichoka, unatokaje?

Hili ni la kuuliza kabla ya kuingia. Rangi za juu hutoka kwa maji. Hina haitoki, haichujwi kirahisi na dawa za saluni, na ukijaribu kuichuja juu ya nili unaweza kupata kijani. Unasubiri ikue na kukatwa. Boksi jeusi linaweza kuchujwa na fundi anayejua, kwa kemikali kali kuliko zile zilizoliweka, na nywele zetu huvumilia jambo hilo kwa shida. Wengi huishia kusubiri pia.

Kusubiri kwa nywele zinazofika begani ni zaidi ya miaka miwili ya rangi mbili kichwani. Njia inayosaidia ni kupunguza ncha kila miezi michache na kusuka misuko isiyokazwa katikati ya safari, au kukubali kukata fupi siku moja na kuanza upya. Mwenye dredi hana hata hiyo njia ya katikati, kwa sababu rangi iko ndani ya dredi yote na kukata ni kupoteza miaka. Yeye akipaka, apake hina na ajue ataishi nayo. Mwanamume mwenye nywele fupi aliyepaka boksi kwa miaka mitano na leo amechoka, aende kwa kinyozi jioni hii, anyolewe namba moja, na asinunue boksi jingine.